Dondoo muhimu: Kabla hujanunua ramani ya Paris ya karne ya 19

- Hesabu wilaya. Hadi mwisho wa 1859 Paris ilikuwa na wilaya 12. Kuanzia 1860 zikawa 20. Ramani yenye 20 iliyoandikwa "1845" ina walakini.

- Tafuta majengo. Mnara wa Eiffel ulikamilika 1889. Kasri la Tuileries liliungua 1871, na magofu yake yakabomolewa 1883.

- Usiamini mwaka uliochapwa peke yake. Wachapishaji walitumia bamba lilelile kwa miaka mingi, wakiongeza reli na barabara mpya bila kubadili tarehe.

- Shika lenzi. Ukiona vinukta vya rangi vilivyojipanga safu safu, hiyo ni nakala ya kisasa. Mchapo wa bamba la shaba au chuma una mistari mikali, na mara nyingi ukingo wa bamba huacha alama ya kubonyea kwenye karatasi.

- Usiogope mikunjo. Ramani nyingi za wasafiri zilikatwa vipande na kubandikwa juu ya kitambaa ili zikunjike mfukoni. Kagua zaidi matundu, madoa ya maji na sehemu zilizotiwa rangi upya.

- Itunze. Usiibandike kwa selotepu wala gundi. Tumia fremu yenye karatasi isiyo na asidi, na uitundike mbali na jua na unyevu. Ukitaka kuandika kumbukumbu nyuma yake, tumia penseli laini.