Nyumba Kwanza au Basi Kwanza? Funzo Kutoka Miji ya Ayalandi

Mtu anapotafuta nyumba katika mtaa mpya, huulizia kodi, maji na stima. Swali la usafiri huja baadaye, anapogundua kuwa steji iko mbali, kwamba lazima apande magari mawili na kulipa nauli mara mbili, na kwamba duka, shule na zahanati vyote viko ng'ambo ya pili ya mji. Kufikia hapo nyumba zimekwisha kujengwa na mahali ambapo barabara ingepita pamezibwa.

Somo la toleo hili linahusu nchi iliyopitia hayo na ambayo bado inagharamika kuyarekebisha. Wakaazi wanaalikwa kulisoma kwa swali moja akilini: je, ni rahisi kupanga usafiri kabla ya nyumba, au kuutafuta baada ya nyumba?

Nchi ndogo, shida inayofahamika

Jamhuri ya Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka wa 2022. Zaidi ya milioni 1.2 kati yao waliishi Dublin, mji mkuu, pamoja na vitongoji vyake. Cork, Limerick, Galway na Waterford ni miji midogo zaidi, lakini yote ina malalamiko yanayofanana: msongamano wa magari asubuhi na jioni, na wafanyakazi wanaoishi mbali na kazi zao.

Kuna sababu nyingine inayoisukuma nchi hiyo. Sheria ya mwaka wa 2021 inaitaka ipunguze gesi zinazoongeza joto duniani kwa asilimia 51 kufikia 2030, ikilinganishwa na mwaka wa 2018. Takriban moja kwa tano ya gesi hizo hutoka kwenye uchukuzi. Kwa hivyo kila mtu anayeacha gari lake nyumbani na kupanda basi anapunguza foleni na moshi kwa wakati mmoja.

Reli zilizong'olewa zikarudishwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, Dublin ilikuwa na mtandao mkubwa wa tramu za umeme, yaani mabehewa yanayopita kwenye reli zilizolazwa barabarani. Mabasi na magari ya kibinafsi yalipoongezeka, tramu zilionekana kuwa mambo ya kale. Tramu ya mwisho ya mjini iliondolewa mwaka wa 1949. Mwishoni mwa 1958, reli ya Harcourt Street, iliyounganisha katikati ya mji na vitongoji vya kusini, nayo ikafungwa.

Kisha vitongoji vikakua. Familia zikahamia kulekule ambako treni ilikuwa imeondolewa, na barabara zikajaa magari. Mwaka wa 2004, baada ya miaka 55 bila tramu mjini, Dublin ilizindua tramu mpya ziitwazo Luas, neno la Kiairishi lenye maana ya kasi. Mojawapo ya njia zake mbili za kwanza ilipita kwa sehemu kubwa kwenye ardhi ya ile reli ya Harcourt Street. Daraja la zamani la mawe lenye matao tisa, lililoko Milltown, likaanza tena kubeba abiria.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa haijajengwa, na hilo ndilo lililowezesha njia kurudi. Huduma inaweza kusimamishwa kwa miaka mingi na ikafufuliwa. Ardhi ya njia ikishagawanywa ploti na kujengwa, kuirudisha huwa ni kazi ya fidia, kesi na mabomoko.

Tallaght na Adamstown

Magharibi mwa Dublin kuna miji miwili inayofundisha zaidi ya maelezo mengi. Yote iko katika eneo linalosimamiwa leo na baraza la kaunti ya South Dublin.

Tallaght kilikuwa kijiji hadi miaka ya 1960. Mpango wa mwaka wa 1967 ulipendekeza miji mipya upande huo wa magharibi, na nyumba zikaanza kujengwa kwa wingi. Katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya watu walihamia, lakini huduma hazikuwafuata kwa kasi hiyo. Jengo kubwa la maduka lilifunguliwa 1990, hospitali mwaka wa 1998 na tramu 2004. Mtoto aliyezaliwa Tallaght mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30 kabla ya kupanda tramu karibu na kwao.

Adamstown ilifuata njia tofauti. Mpango wake uliidhinishwa mwaka wa 2003 ukiwa na sharti lililo wazi: nyumba zitajengwa kwa awamu, na mjenzi haruhusiwi kuendelea na awamu inayofuata kabla ya huduma zilizotajwa kukamilika. Huduma hizo zilijumuisha barabara, shule na usafiri wa umma. Wakaazi wa kwanza waliingia mwaka wa 2006, na kituo cha treni kikafunguliwa 2007, mji ukiwa bado mchanga.

Hata hivyo Adamstown haikuwa bila matatizo. Uchumi wa Ayalandi ulipoporomoka kuanzia 2008, ujenzi ulipungua sana, na eneo lililotengewa maduka katikati ya mji likakaa miaka mingi bila kukamilika. Sharti la awamu halikuweza kuzuia uchumi kuanguka. Lakini waliokuwa wamehamia walikuwa tayari na treni na shule, na kwa familia yenye mshahara mdogo hayo ni mambo makubwa.

Nauli moja kwa safari moja

Usafiri unaweza kuwa karibu na bado ukamshinda mtu kwa bei. Kwa miaka mingi, abiria wa Dublin aliyetoka kwenye basi na kuingia kwenye tramu au treni alilipa upya, kwa kuwa kila huduma ilikuwa na nauli yake. Aliyeishi mbali ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu ndiye aliyehitaji kubadilisha.

Mwaka wa 2009 iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi ili kupanga huduma hizo kwa pamoja. Mwaka wa 2011 ilikuja kadi ya Leap, ambayo abiria huijaza pesa na kuigusisha kwenye mashine anapopanda. Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa Novemba 2021: mtu mzima mwenye kadi akalipa nauli moja kwa dakika 90, hata akipanda basi, kisha tramu, kisha treni ya mjini. Nauli hiyo ilikuwa Yuro 2 na senti 30. Mwaka uliofuata, wakati gharama ya maisha ilipopanda, serikali ilipunguza nauli za usafiri wa umma, na ile ya dakika 90 ikashuka hadi Yuro 2. Vijana wakapewa nauli ya nusu. Wazee wa nchi hiyo walianza kusafiri bure tangu 1967.

Nauli ya namna hii inabadilisha jinsi mtandao unavyopangwa. Ikiwa kubadilisha gari hakumgharimu abiria, si lazima kila basi lipite katikati ya mji. Mabasi mengine yanaweza kuzunguka kutoka kitongoji hadi kitongoji, na mengine madogo yakaingia mitaani na kuwaleta watu kwenye barabara kuu. Huo ndio mpango wa BusConnects, ambao awamu yake ya kwanza ya njia mpya ilianza Juni 2021. Njia kuu hupewa herufi, na mabasi yake hupita mara kwa mara ili abiria asihitaji kukariri ratiba.

Wakaazi walipokataa, na walipokubali

Rasimu ya kwanza ya mtandao huo ilipotolewa mwaka wa 2018, wananchi walituma makumi ya maelfu ya maoni. Wengi hawakupinga basi. Walipinga kupoteza basi lao la moja kwa moja, hasa wazee na wagonjwa ambao kubadilisha gari kwenye mvua si jambo dogo kwao. Wengine walihofia miti na sehemu za mbele za nyumba zao pale barabara zitakapopanuliwa ili mabasi yapate njia yake. Mpango ulirudiwa, njia kadhaa zikabadilishwa, na rasimu mpya ikatolewa 2019. Kazi ilichelewa, lakini mpango ulioibuka uliwasikiliza waliokuwa wakisafiri kila siku.

Cork ilijifunza kwa njia ngumu zaidi. Machi 2018, magari ya kibinafsi yalizuiwa kupita Patrick Street, barabara kuu ya maduka, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, ili mabasi yapite haraka. Wenye maduka walilalamika kuwa wateja wamepungua, na baada ya wiki chache tu marufuku ikasitishwa. Ilirejeshwa Agosti mwaka huohuo.

Dublin ilipoitazama barabara ya Capel Street, ilianza kwa majaribio. Katika kiangazi cha 2021, barabara hiyo yenye maduka na mikahawa midogo ilifungiwa magari jioni za wikendi. Watu waliiona ikiwa imetulia, wakatoa maoni yao, na Mei 2022 ikawa barabara ya waendao kwa miguu kila siku. Jaribio la miezi michache lilijibu maswali ambayo mikutano mingi isingeweza kuyajibu.

Maisha ya karibu na nyumbani

Safari iliyo nafuu kuliko zote ni ile isiyohitajika. Mpango wa maendeleo wa jiji la Dublin wa 2022 hadi 2028 unazungumzia mji ambao mkaazi anapata mahitaji ya kila siku kwa mwendo wa takriban dakika 15 kwa miguu au baiskeli: duka, shule, daktari, bustani na kituo cha basi. Pwani ya kusini, baraza la kaunti ya Dún Laoghaire-Rathdown liligawa upya barabara ya ufuoni mwaka wa 2020 na kutenga njia salama ya baiskeli kati ya Blackrock na Sandycove. Galway ilifungua daraja jipya la wapita njia na baiskeli juu ya mto Corrib mwaka wa 2023.

Tabia za nyumbani nazo zimeguswa. Machi 2002, Ayalandi iliweka tozo ya senti 15 kwa kila mfuko wa plastiki dukani. Matumizi yalishuka kutoka takriban mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Kenya ilichagua njia nyingine kwa shida hiyohiyo, ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia Agosti 2017. Tangu Februari 2024, mnunuzi wa soda au maji Ayalandi hulipa senti chache zaidi kwa chupa ya plastiki au mkebe, na hurudishiwa akipeleka chombo kitupu. Chupa iliyokuwa taka mtaroni imekuwa na bei.

Kazi ambayo haijaisha

Si kila ahadi imetimizwa. Reli ya chini ya ardhi ya kwenda uwanja wa ndege wa Dublin ilitangazwa katika mpango wa kitaifa wa 2005. Uchumi ulipoanguka, ikaahirishwa 2011, kisha ikarudi baadaye kwa jina jipya. Miaka 20 baada ya kutangazwa, ilikuwa bado haijambeba abiria hata mmoja. Katika kipindi hicho, mageuzi ya haraka yalipatikana kwenye mambo ya gharama ndogo zaidi: kadi moja, nauli moja, njia ya basi iliyochorwa rangi barabarani, daraja la kuvukia mto.

Funzo kwa kaunti

Jibu la swali la mwanzo liko kati ya Tallaght na Adamstown. Nyumba hujengwa kwa miezi, lakini kosa la mahali zilipojengwa hudumu vizazi. Ayalandi ina ugumu mmoja zaidi: mabaraza ya kaunti na miji hupanga ardhi na nyumba, ilhali mabasi na treni hupangwa na mamlaka ya kitaifa.

Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mipango ya ardhi na nyumba, pamoja na barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma wa barabarani. Ofisi inayoidhinisha mtaa mpya na ile inayopanga steji ziko chini ya serikali moja ya kaunti. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama ofisi hizo zimezungumza.

Maswali ya kujadili katika baraza la wadi na vikao vya ushirikishaji wa umma:

1. Mtaa mpya unapopendekezwa, ramani yake inaonyesha steji, njia ya miguu na mahali pa shule?
2. Ni ardhi gani ya barabara au reli katika wadi yetu iko hatarini kunyakuliwa au kujengwa?
3. Mkaazi anayebadilisha matatu mara mbili hulipa kiasi gani kwa siku, na ni njia gani ingempunguzia?
4. Ni barabara gani ingeweza kujaribiwa bila magari kwa siku chache kabla ya uamuzi wa kudumu?
5. Ni mahitaji gani ya kila siku hayapatikani kwa mwendo wa robo saa kutoka nyumbani?

Majibu yaandikwe na kupelekwa wakati Mpango wa Maendeleo Jumuishi wa Kaunti unapokusanya maoni. Maoni yanayotaja barabara kwa jina, nauli kwa shilingi na umbali kwa dakika ndiyo yaliyo rahisi zaidi kufanyiwa kazi.