Kutunza mazingira kuanzia ofisini kwetu

Mashirika mengi yanayofanya kazi vijijini huwafundisha watu kupanda miti, kutunza vyanzo vya maji na kutumia majiko yanayookoa kuni. Lakini watu hujifunza zaidi kwa kutazama kuliko kwa kusikia. Mwanakijiji akifika ofisini na kukuta plastiki inachomwa nyuma ya jengo, na taa zinawaka mchana kweupe, atajiuliza kama sisi wenyewe tunaamini tunayofundisha. Zaidi ya hayo, fedha zinazolipia umeme, mafuta na karatasi ndizo hizo hizo zilizotolewa kuwahudumia watu maskini.

Kazi hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji wote tukubaliane, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi.

Tuanze kwa kupima

Kwa mwezi mmoja, andikeni uniti za umeme, lita za dizeli, rimu za karatasi na ndoo za taka. Mhasibu atapata sehemu kubwa ya takwimu hizi kwenye risiti zake. Bandikeni matokeo ukutani, kisha mlinganishe baada ya miezi mitatu.

Umeme na mafuta

■ Balbu ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga kama wa balbu ya zamani ya wati 60. Balbu 10 za zamani zikiwaka saa 8 hutumia karibu uniti 5 kwa siku. Balbu 10 za LED hazifikishi hata uniti moja.

■ Pangaboi hutumia umeme kidogo sana kuliko kiyoyozi. Kama kiyoyozi ni lazima, kiwekwe nyuzi 25 badala ya 18, madirisha yafungwe na chujio lisafishwe.

■ Mti wa kivuli upande wa magharibi hupunguza joto la alasiri ofisini.

■ Kila lita ya dizeli inayoungua kwenye jenereta au gari hutoa zaidi ya kilo 2.5 za hewa ya ukaa. Umeme ukikatika, pangeni kazi za kuchapa zifanyike kwa pamoja, kisha jenereta izimwe. Vivyo hivyo, safari mbili za kuelekea upande mmoja ziwe moja.

Karatasi

Ripoti ya kurasa 40 kwa watu 20 ni kurasa 800. Ikichapwa upande mmoja inamaliza zaidi ya rimu moja na nusu. Ikichapwa pande zote mbili, rimu moja inatosha na karatasi 100 zinabaki. Karatasi zilizotumika upande mmoja zinafaa kushonwa kuwa madaftari ya ofisi.

Tuwe waangalifu na karatasi zenye majina ya wagonjwa, watoto au wanavikundi. Zichanwe vipande vidogo kwanza. Si haki siri ya mtu ikaishia kufungia karanga sokoni.

Taka

Wekeni vyombo vitatu: cha mabaki ya chakula, cha karatasi na cha plastiki na chupa. Mabaki ya chakula na majani ya chai hutengeneza mboji nzuri kwa bustani.

Plastiki isichomwe. Moshi wake una sumu, na wanaouvuta kwanza ni majirani, mlinzi na mama anayeuza chai ng'ambo ya uzio. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, lakini chupa ndogo za maji bado zinajaa mikutanoni. Mtungi mmoja wa maji safi na glasi zitatosha.

Betri za gari na za sola zina risasi na asidi. Taa za mirija zina zebaki. Vitu hivi visizikwe wala kuvunjwa. Vihifadhiwe pakavu, mbali na watoto, hadi apatikane mnunuzi au mkusanyaji anayekubalika na mamlaka ya mazingira.

Maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Hivyo paa la mita za mraba 100 linaweza kukinga karibu lita 1,000 mvua ya milimita 10 ikinyesha. Maji hayo yanafaa kwa usafi, choo na bustani.

Maswali ya kujadili

■ Mgeni akitembea ofisini kwetu leo, ataona nini kinacholingana na mafundisho yetu? Ataona nini kinachopingana nayo?

■ Taka zetu huishia wapi? Ni nani anayeishi karibu na mahali hapo?

■ Ni mambo gani mawili tunayoweza kubadilisha wiki hii bila gharama? Nani atayasimamia?

■ Tukiokoa fedha, tungependa zitumike kwa kazi gani?