Bitiruti Haigeuki Damu

SWALI: Daktari, nina mimba ya miezi saba, naishi Langas, Eldoret. Kliniki walinipima damu wakapata 8.6. Vidonge nilivyopewa vilinichafua roho na choo kikawa cheusi, nikaviacha. Mama mkwe ananitengenezea juisi ya bitiruti kila asubuhi, naishushia na chai ya maziwa. Damu itapanda kabla sijajifungua? — Mama K.

JIBU: Haitapanda, Mama K., na muda uliobaki ni mfupi.

Kisa hiki cha bitiruti nimekisikia mpaka nimechoka. Kama si bitiruti, ni soda nyeusi iliyokorogwa na maziwa. Imani ni ile ile: kilicho chekundu huongeza kilicho chekundu. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu. Wapo wanaokojoa mkojo mwekundu baada ya kuinywa, wakafurahi kwamba damu imejaa hadi inafurika! Ni ile rangi inayopita zake.

Damu inahitaji madini ya chuma. Gramu 100 za bitiruti zina chuma kisichofika miligramu moja. Kidonge kimoja cha kliniki kina miligramu 60. Ili ukifikie, ungekula zaidi ya kilo saba za bitiruti kwa siku, na hata hapo mwili ungechukua sehemu ndogo tu ya chuma hicho.

Maana chuma hakiingii mwilini kwa namna moja. Cha maini, nyama na omena huingia kwa urahisi zaidi. Cha managu, sukuma wiki, ndengu na maharagwe huingia kwa shida, ila kikipata vitamini C husaidika: kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa ama pera papo hapo.

Adui wa chuma yuko kwenye thamosi yako. Majani ya chai hukishika chuma cha mboga na cha kidonge kisiingie, na maziwa nayo hupunguza kinachoingia. Najua kumwambia mtu wa Uasin Gishu aache chai na mursik ni kutafuta ugomvi, kwa hiyo sikuambii uache. Kunywa saa nzima au mbili baada ya chakula au kidonge.

Na kama unatafuna odowa, ambayo hukuitaja lakini wengi huificha, acha leo. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, na udongo wenyewe huzuia hicho kidogo unachokula.

Choo cheusi ni kawaida ya vidonge hivi, kisikutishe. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku baada ya kula kidogo. Kikizidi, mwambie muuguzi akubadilishie dawa. Vidonge hivi hutolewa bure katika kliniki za wajawazito za serikali, na kuviacha kimyakimya ndiko kunakonikasirisha. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu damu ikishuka chini ya 11. Wewe uko 8.6 na umekaa bila dawa. Wakati wa kujifungua kila mama hupoteza damu. Mwenye akiba huvumilia, asiye nayo huzidiwa kwa damu ambayo mwenzake asingeihisi, na damu ya kuongezewa si kitu cha kutegemea kwamba kitakuwepo saa ile.

Tena huenda tatizo si chakula pekee: malaria na minyoo pia hupunguza damu, na hayo hayaonekani kwa macho ya mama mkwe, hata akupende vipi. Mshukuru, umwambie sasa akupikie maini yaive vizuri, mara moja kwa wiki, si kila siku.

Kesho asubuhi rudi kliniki upimwe upya na uwaambie wazi kwamba uliacha dawa. Ukiishiwa pumzi umekaa, moyo ukienda mbio au ukizirai, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.