Somo la Kikundi: Miezi Tisa Si Mwisho wa Kliniki



Somo la safari hii limetokana na maswali tuliyoulizwa tukitembelea vikundi pande za Chwele, Kimilili na Webuye, na vile vya huko Kitale. Maswali yalikuwa mawili. La kwanza: "Mbona mtoto anaenda kliniki akiwa mzima, akidungwa sindano usiku anashikwa na homa?" La pili: "Mtoto wangu alimaliza kliniki akiwa na miezi tisa. Kwa nini tena naambiwa nimrudishe?"

Tumeyaweka maswali haya pamoja kwa sababu tumeona ni ndugu. Mama aliyekesha usiku mzima na mtoto mwenye homa hana haraka ya kurudi kudungiwa sindano nyingine. Na sindano ya mwisho ikiwa mbali, mwaka mzima na zaidi, inasahaulika kabisa. Hapo ndipo watoto wetu wanapoachwa njiani.

LENGO LA SOMO: Baada ya kusoma na kuzungumza, kila mwanakikundi aweze (a) kutofautisha homa ya kawaida ya chanjo na hatari ya kukimbiza hospitali, (b) kujua tarehe za sindano za mwisho za mtoto wake, na (c) kusaidia kikundi kutunza tarehe hizo.

1. KWA NINI SINDANO MOJA HAITOSHI?

Sisi ni wakulima wa mahindi, kwa hiyo tuanzie shambani. Unapanda na mbolea ya kupandia, mahindi yanatoka vizuri, kijani kabisa. Je, unakaa nyumbani mpaka mavuno? Hapana. Yakifika magotini unarudi na mbolea ya juu. Usiporudi, yanaanza kugeuka manjano na gunzi linakuwa dogo. Mbolea ya kwanza haikupotea bure, lakini nguvu yake imepungua.

Chanjo nyingi ziko hivyo. Sindano za kwanza zinafundisha askari wa damu kumtambua adui. Siku zikipita, askari hao wanapungua na wengine wanasahau. Sindano ya baadaye inawakumbusha, nao wanaongezeka tena.

Homa inayokuja baada ya sindano mara nyingi ni dalili ya askari hao wakiwa kazini. Mwili umemwona mgeni na unajifunza. Lakini si lazima homa ije. Mtoto asiyepata homa naye amechanjwa sawasawa.

2. YALE TULIYOSIKIA VIKUNDINI

Mama mmoja alisema baada ya sindano za wiki ya sita mguu wa mtoto ulivimba kidogo, ukawa moto, na mtoto alilia kila akiguswa. Nyanya ya mtoto alitaka kukanda kwa maji moto na majani. Siku ya tatu uvimbe ulipungua wenyewe.

Mwingine alishangaa kwamba baada ya sindano ya surua, yaani ukambi, mtoto hakuwa na shida siku ile. Homa na vipele vidogo vilikuja wiki moja baadaye. Alifikiri ni ugonjwa mwingine. Ndivyo chanjo hiyo inavyofanya kwa watoto wengine: homa yake huja kati ya siku ya tano na ya kumi na mbili, kisha inaisha.

Wa tatu alikuwa na wasiwasi juu ya kidonda kidogo kwenye mkono wa kushoto wa mtoto mchanga. Hiyo ni chanjo ya kifua kikuu inayodungwa baada ya kuzaliwa. Kidonda hutokea wiki chache baadaye, kinakauka na kuacha alama. Usikipake kitu chochote wala kukifunga.

Na sisi watu wazima tulionja wenyewe mwaka 2021. Chanjo ya kwanza ya korona ilifika Kenya tarehe 3 Machi mwaka huo. Wengi wetu tulilala na mkono mzito, kichwa kikiuma na mwili ukitetemeka kwa baridi. Kesho yake jioni tulikuwa tunalisha ng'ombe. Kisha dozi zikakosekana, na muda wa kungoja sindano ya pili ukasogezwa kutoka wiki 8 hadi 12. Waliongoja hawakuanzishwa upya. Jambo hilo tulikumbuke, tutalirudia.

3. NYUMBANI UFANYE NINI?

Kabla ya kutoka kliniki, ngoja karibu nusu saa. Shida kubwa ya mwili kukataa chanjo, kama kuvimba uso na kushindwa kupumua, ni nadra sana, na kwa kawaida huja mapema. Ukiwa bado pale, muuguzi anaweza kumsaidia mtoto papo hapo.

Nyumbani:
- Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.
- Mpunguzie nguo. Usimfunike blanketi tatu ati kwa sababu anatetemeka.
- Dawa ya kushusha joto mpe kwa kipimo ulichoelezwa na muuguzi kufuata uzito wa mtoto. Usimpe aspirini.
- Pahali palipodungwa weka kitambaa safi chenye maji baridi. Usikande, usipake mafuta ya taa, majani wala samadi. Uchafu ndio unaoleta jipu.

Mkimbize mtoto hospitali, hata usiku, ukiona:
- degedege;
- kulia bila kunyamaza kwa saa tatu au zaidi;
- kukataa kunyonya, kulegea, au kutoamka vizuri;
- kupumua kwa shida;
- homa inayopita siku mbili, au uvimbe unaozidi kukua.

Na hapa tunasema kwa sauti kubwa: katika Bungoma, si kila homa baada ya sindano ni ya chanjo. Malaria haingoji mtoto amalize kliniki. Tumesikia wazazi wakisema, "Acha tu, ni ile sindano," siku ya tatu, siku ya nne. Homa ikipita siku mbili, mtoto apimwe malaria. Ni tone la damu kutoka kidoleni, na jibu linapatikana upesi. Afadhali kwenda bure kuliko kuchelewa.

4. CHANJO YA MALARIA: SINDANO YA NNE INAYOSAHAULIKA

Chanjo hii ilizinduliwa Kenya mwezi Septemba 2019 kule Ndhiwa, Homa Bay. Kaunti nane zilichaguliwa, kwa kuwa malaria huko ni nyingi: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Vihiga, Kakamega na Bungoma yetu. Ilianza kwa baadhi ya sehemu za kaunti hizo, na mwaka 2023 ikapelekwa sehemu zaidi.

Ratiba iliyoanza nayo Kenya ilikuwa miezi 6, miezi 7, miezi 9, halafu miezi 24. Angalieni vizuri: kutoka ya tatu hadi ya nne kuna miezi 15. Katikati yake, mtoto akiwa na miezi 18, kuna sindano ya pili ya surua. Wazazi wengi husema mtoto wa miezi tisa "amemaliza". Hajamaliza. Sindano mbili kubwa bado zinamngoja.

Watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: "Je, sisi tulikuwa wa kujaribiwa?" Tueleze ukweli wote. Utafiti mkubwa ulifanyika kati ya 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo. Ulionyesha kwamba kwa watoto waliopata dozi zote nne, chanjo ilizuia karibu mara 4 kati ya kila mara 10 ambazo mtoto angeugua malaria katika miaka minne. Lakini kulikuwa na maswali yaliyobaki, kama vile ugonjwa wa uti wa mgongo ulioonekana zaidi kwa waliochanjwa. Kwa hiyo Kenya, Ghana na Malawi zilianza sehemu kwa sehemu, na madaktari wakafuatilia. Hawakuona kwamba chanjo ilileta ugonjwa huo. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Pale ilipotolewa katika nchi hizo tatu, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

Madhara yake ni yale tuliyoyataja: homa, maumivu, uvimbe kidogo. Mara chache homa ikipanda sana mtoto anaweza kupata degedege ndani ya wiki ile. Ndiyo maana tunashusha joto mapema.

Na sindano ya nne ina kazi gani? Katika utafiti ule, watoto waliopata tatu tu walipoteza ile kinga ya malaria kali miaka ilipokwenda. Malaria kali ndiyo ile ya kuongezewa damu, ile ya degedege na kupoteza fahamu. Yaani mama ametembea mara tatu, amekesha mara tatu, halafu anaacha mbolea ya juu.

Tena tusidanganyane: chanjo hii haizuii malaria yote. Neti ibaki kitandani, na homa ipimwe hata kama mtoto amemaliza zote nne.

5. NIKICHELEWA JE?

Mama mmoja alituambia aliona haya kurudi, kwa vile alichelewa miezi mitatu na aliogopa kukaripiwa. Dada zetu, rudini. Kuchelewa hakufuti sindano za nyuma. Muuguzi anaendelea pale mlipoachia, haanzi upya. Kukohoa kidogo au mafua pia si sababu ya kuahirisha. Mwonyeshe muuguzi, yeye ndiye aamue.

Lakini kuwahi kupita kiasi nako si vizuri. Kati ya dozi tatu za kwanza za malaria lazima zipite angalau wiki nne. Basi fuata tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto, kwa sababu ratiba huweza kubadilishwa.

Wengine walifika kliniki wakaambiwa, "Leo hakuna, rudi siku nyingine." Inaudhi, hasa ukiwa umelipa bodaboda. Sababu moja ni kwamba chupa moja ya chanjo ya surua au ya kifua kikuu ina dozi za watoto wengi, na ikifunguliwa haikai zaidi ya saa sita. Kliniki nyingi hungoja watoto wakusanyike. Uliza mapema siku ya kufungua chupa, mwende pamoja kama kikundi.

6. KINA MAMA WENYEWE

Chanjo ya pepopunda nayo ina mpangilio. Ya pili hudungwa wiki nne baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baadaye, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Mbili hukinga karibu miaka mitatu, tatu miaka mitano, nne miaka kumi, na tano hukinga miaka yote ya kuzaa.

Tunajua mwaka 2014 Maaskofu wetu walileta madai juu ya kampeni ya pepopunda, kwamba inazuia uzazi. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani walisema chanjo ni salama. Wengine hadi leo wanaogopa hata ile ya kliniki ya wajawazito. Chanjo ya pepopunda haizuii uzazi. Inamkinga mama, na inamkinga mtoto mchanga kupitia kwa mama yake.

7. TUNAOHAMA KATI YA BUNGOMA NA KITALE

Familia zetu ziko pande zote mbili. Binti anaolewa Kiminini, kijana anapata kibarua cha shamba Kitale, mtoto anaachiwa nyanya Sirisia. Trans Nzoia haikuwa kati ya zile kaunti nane za mwaka 2019. Kwa hiyo mtoto aliyeanza Bungoma anaweza kufikisha umri wa dozi ya nne akiwa Kitale, na muuguzi wa huko asijue kwamba anadaiwa.

Kijitabu kisafiri na mtoto, kisibaki kwenye sanduku. Ukihama, uliza kliniki mpya: "Dozi ya nne ya malaria mnayo? Kama hamna, niende wapi?" Ukiambiwa urudi Bungoma, panga safari ya sikukuu au ya kumsalimia nyanya iangukie tarehe hiyo.

8. KAZI YA KIKUNDI: DAFTARI LA TAREHE

Katibu anunue daftari moja. Kila mtoto apewe mstari: jina, siku ya kuzaliwa, na tarehe zake zote. Mfano, mtoto aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2025:

Miezi 6: 14 Septemba 2025
Miezi 7: 14 Oktoba 2025
Miezi 9: 14 Desemba 2025
Miezi 18 (surua ya pili): 14 Septemba 2026
Miezi 24 (malaria ya nne): 14 Machi 2027

Tarehe ya mwisho ni Jumapili, basi andikeni Jumatatu tarehe 15. Na Machi ni wakati wa kupanda, mvua haimngoji mtu. Kikundi kikijua mapema, mwenzenu mmoja anaweza kupeleka watoto wawili au watatu huku wengine wakimsaidia shambani. Vituo vya serikali havilipishi chanjo za watoto, lakini nauli ni nauli. Chama kinaweza kumkopesha mama shilingi chache za gari.

Kila mkutano, kabla ya kukusanya pesa, katibu asome majina ya mwezi huo. Asiyekwenda asiaibishwe. Aulizwe, "Kilikuzuia nini?" kisha asaidiwe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Ni nani kati yetu mtoto wake alipata homa baada ya sindano? Ilikaa siku ngapi, na ulifanya nini?
2. Nyumbani kwetu, nani huamua mtoto arudi kliniki: mama, baba au nyanya? Tutamhusisha vipi?
3. Ni watoto wangapi wa kikundi wamepita miezi 18 au 24 bila sindano zao? Fungueni vijitabu mhesabu leo.
4. Kliniki yetu hufungua chupa ya surua siku gani? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?

Mkutano ujao, kila mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu aje na kijitabu.