Mutombo nje ya uwanja: fedha, hospitali na kile kidole

Dikembe Mutombo alifariki dunia Atlanta tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 58. Tangu hapo maswali mengi ninayoulizwa juu yake hayahusu mpira wa kikapu. Watu wanataka kujua Mkongo huyu alipataje fedha, alizipeleka wapi, na kama sifa anazopewa anazistahili. Nimeyajibu hapa yale yanayojirudia zaidi.

Ni kweli alikwenda Marekani kusomea udaktari?

Ni kweli. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966 katika familia ya Waluba wa Kasai. Baba yake, Samuel, alikuwa mwalimu na mkuu wa shule. Mwaka 1987 alipata ufadhili wa USAID akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, akikusudia kurudi nyumbani na koti jeupe. Kiingereza alikuwa hakijui, hivyo mwaka wa kwanza ulikuwa wa darasani, si wa uwanjani. Kocha John Thompson ndiye aliyemwingiza kikosini baadaye.

Udaktari aliuacha njiani, akahitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia. Akiwa mwanafunzi alifanya mafunzo ya kazi katika ofisi ya mjumbe wa Bunge la Marekani na vilevile Benki ya Dunia. Wanaosimulia maisha yake huruka hapa haraka ili wafike kwenye mabao. Mimi naona hapa ndipo pa kusimama. Kijana aliyejifunza mapema jinsi wakubwa wa Washington wanavyoombwa jambo, na jinsi wanavyokubali, alikuja kuuhitaji ujuzi huo kuliko kimo chake cha mita 2.18.

Utajiri wake ulitoka wapi hasa?

Kwenye mishahara, tena kwa sehemu kubwa. Denver Nuggets walimchagua wa nne kati ya wachezaji wapya wa NBA mwaka 1991. Mwaka 1996 alihamia Atlanta Hawks kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 50. Alidumu NBA misimu 18, akapita Philadelphia, New Jersey na New York, mpaka goti likamstaafisha akiwa Houston mwaka 2009. Kulikuwa pia na viatu: Adidas walitoa toleo lenye jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1990, lenye rangi na michoro ya Kiafrika, wakati ambapo mchezaji kutoka Afrika kupewa kiatu chake lilikuwa jambo geni kabisa.

Kile kidole kilikuwa dharau au biashara?

Kilianza kama ushindani wa kawaida wa uwanjani. Mutombo alizima mitupo 3,289 katika NBA, idadi ambayo ni Hakeem Olajuwon peke yake aliyeipita, na mara nne alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi. Kila alipouzima mpira alitikisa kidole cha shahada: hapana, si hapa. Waamuzi walipoanza kumwadhibu kwa kumtikisia mpinzani, akawa anawageukia mashabiki na kuwatikisia wao, nao wakazidi kumpenda.

Nguvu ya alama ile ni kwamba haihitaji lugha. Mtoto wa Matonge kule Kinshasa na mtoto wa Denver wanaielewa sawasawa. Ndiyo maana mwaka 2013, miaka minne baada ya kustaafu, kampuni ya bima ya GEICO ilimweka kwenye tangazo akizima vitu vya watu wa kawaida: karatasi inayorushwa kwenye pipa la taka ofisini, nguo zinazotupwa kwenye mashine ya kufulia. Kizazi ambacho hakikumwona akicheza kikamjua hapo, pamoja na sauti yake nzito ya kukwaruza. Wapo waliosema amejishusha. Sikubaliani nao. Alijua watu huanza kumsikiliza wakiwa wanatabasamu, na alikuwa na jambo zito la kuwaambia.

Jambo lenyewe ni ile hospitali?

Ndiyo, na hapa nitakaa kidogo.

Mama yake, Biamba Marie, aliugua ghafla nyumbani Kinshasa wakati wa vurugu za mwishoni mwa miaka ya 1990. Njia zilikuwa zimefungwa kwa amri ya kutotoka nje, familia ikashindwa kumfikisha hospitali. Akafariki. Mwanawe wakati huo alikuwa miongoni mwa Waafrika wanaolipwa vizuri zaidi katika michezo duniani, na fedha zake zote hazikuweza kumvusha mama mtaa mmoja.

Taasisi yake, Dikembe Mutombo Foundation, ilianzishwa mwaka 1997. Jiwe la msingi la hospitali liliwekwa mwaka 2001 huko Masina, upande wa mashariki wa Kinshasa, eneo lenye watu wengi na huduma chache. Kisha mambo yakasuasua. Nchi ilikuwa vitani, saruji na vifaa vilikuwa ghali, na wachangiaji waliogopa fedha yao kupotelea kwa wajanja. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye vitanda 300, ilizinduliwa mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaanza kupokea wagonjwa. Gharama ilifika kama dola milioni 29, na zaidi ya nusu zilitoka mfukoni mwa Mutombo mwenyewe.

Naomba msomaji aitazame hiyo nusu kwa makini. Watu mashuhuri wengi huazima jina lao kwa mfuko wa hisani, wakapigwa picha, basi. Mutombo alitanguliza fedha yake ndipo akaomba ya wengine, na mtu aliyetanguliza hivyo ni vigumu kumnyima. Jambo la pili: yote aliyafanya akiwa bado anacheza. Angengoja kustaafu, milango mingi ingekuwa imeanza kufungwa. Simu ya mchezaji aliyemo kikosini hupokelewa haraka kuliko ya mstaafu, na yeye aliitumia miaka hiyo vilivyo.

Wachezaji wenzake walimsaidia?

Baadhi, ila si kwa kiasi alichotarajia, na hakulificha hilo. Patrick Ewing na Alonzo Mourning, waliopita Georgetown kama yeye, walikuwa miongoni mwa waliochangia. Heshima nyingine ilitoka nje ya uwanja: Januari 2007 Rais George W. Bush alimwalika kwenye hotuba yake ya mwaka bungeni na kumtaja mbele ya taifa zima. Mutombo alikuwa amepata uraia wa Marekani mwaka 2006 tu.

Na familia? Tunasikia alilea watoto wengi.

Yeye na mkewe Rose waliwachukua watoto wanne wa ndugu zake waliofariki, wakawalea pamoja na wao watatu. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mwanawe Ryan naye alicheza kikapu Georgetown.

Niongeze moja linalosahaulika: timu ya kikapu ya wanawake ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipofuzu Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Mutombo aliwalipia jezi na gharama nyingine. Huo ni mwaka uleule aliohamia Hawks.

Alifanya biashara gani baada ya kustaafu?

Kazi yake kubwa ilikuwa ubalozi wa NBA duniani, aliouanza mwaka 2009. Alizunguka na programu ya Basketball Without Borders, kambi za vijana ambazo Joel Embiid na Pascal Siakam wa Kamerun walipitia. Mei 2021 NBA ilipounda kampuni ya NBA Africa, yenye thamani iliyokadiriwa kukaribia dola bilioni moja, Mutombo alikuwa miongoni mwa wawekezaji, pamoja na Luol Deng wa Sudan Kusini. Mwezi huohuo ligi ya Basketball Africa League ilianza Kigali.

Aliuza pia kahawa kwa jina la Mutombo Coffee. Mtu aliyekulia kwenye nchi yenye kahawa nzuri ambayo mkulima wake hupata makombo alikuwa na haki ya kujaribu kuweka jina la Mkongo kwenye pakiti. Hata hivyo kahawa ilikuja katika miaka yake ya mwisho, na mtu asitarajie kuiona kama himaya. Kama ungemlinganisha na Magic Johnson, aliyejenga ukwasi wake hasa baada ya kuacha mpira, Mutombo si mfanyabiashara wa kiwango hicho. Kipaji chake kilikuwa kukusanya na kutoa.

Mbona hamsemi habari za dhahabu ya Goma?

Nazisema. Februari 2011 ndege ya kukodi kutoka Marekani ilikamatwa uwanja wa ndege wa Goma, mashariki mwa Kongo, katika biashara ya dhahabu iliyohusisha mamilioni ya dola taslimu. Ripoti ya kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka huo iliihusisha biashara hiyo na Jenerali Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na ilimtaja Mutombo kuwa miongoni mwa waliowaunganisha wanunuzi. Hakushtakiwa. Dhahabu haikupatikana, fedha ikapotea.

Hilo ni doa, na anayeandika wasifu wake akalifuta anamkosea msomaji, hasa msomaji wa Kivu, ambaye anajua dhahabu ile huchimbwa katika hali gani na inamnufaisha nani mwenye bunduki. Mtu aliyeijua Kongo vizuri kama yeye alipaswa kukaa mbali na biashara ya namna ile. Nasema hivi nikiwa namheshimu.

Alijua Kiswahili?

Alikuwa mtu wa lugha tisa, zikiwemo Kifaransa, Kiingereza, Kihispania, Kireno, Kiluba na Lingala. Kiswahili tulikisikia kwake mwaka 2019. Ebola ilikuwa imeingia Kivu Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018, na huko Beni na Butembo watu wengi hawakuwaamini watu wa serikali wala wageni waliovaa mavazi ya kujikinga. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Wagonjwa walifichwa majumbani, na ugonjwa ukazidi kuenea.

Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kikamwomba Mutombo arekodi ujumbe wa redio na video kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kuwahimiza watu wajikinge na wawahi matibabu. Hapakuwa na bima ya kuuzwa pale. Kulikuwa na sura inayofahamika na Mkongo mwenzao anayesema nao kwa lugha ya mashariki, ingawa yeye alikuwa mtoto wa Kinshasa. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Juni 2020, baada ya vifo zaidi ya 2,200. Kati ya matangazo yote aliyowahi kufanya, hayo ya Ebola ndiyo ningependa vijana wetu wayatafute kwanza.