Usimchore Bibi Harusi: Hatua Sita za Kuchora Watazamaji, Shella ya Malindi

Usiku wa kupamba, bibi harusi hukaa jukwaani, na sote hudai tumekuja kumtazama yeye. Kumbe nusu ya usiku twatazamana: gauni la nani jipya, dhahabu ya nani nzito, nani kakaa na nani. Mchoraji Renoir aliliona jambo hilo katika thieta za Paris. Katika picha yake La Loge, ya mwaka 1874, mwanamke aliyejipamba amekaa mbele. Mwanamume aliye nyuma yake ameinua darubini kuelekea viti vya juu. Jukwaa lenyewe halimo.

1. Omba idhini mapema kwa mwenye harusi. Ukumbi wa kupamba ni wa wanawake. Kama wewe ni mwanamume, chora barazani, wenye kanzu na kofia wakingoja nikaha.

2. Beba vichache: daftari dogo, penseli laini na chaki za rangi. Simu ibaki mkobani, kwani humo ndani watu wamevua mabuibui.

3. Kaa pembeni, jukwaa likiwa mgongoni mwako. Unaowataka ni wageni.

4. Anza na macho. Kabla ya sura, piga mistari myepesi: nani anamtazama nani? Mwaka 1878 Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Paris, alimchora mwanamke mwenye nguo nyeusi akitazama kwa darubini. Kule mbali, mwanamume amemlenga yeye kwa yake. Tafuta mnyororo kama huo: shangazi anamkagua wifi, wifi anamkagua mpambaji.

5. Ngoja saa ya kuondoka, mabuibui yanaporudi mabegani. Nyeusi tupu itatoboa shimo katika picha. Tandika buluu na zambarau kwanza, acha mikunjo inayopigwa na taa iwe myepesi, kisha utie nyeusi kwenye vivuli tu.

6. Ficha sura. Doa moja la shavu na mmeto wa kipuli vyatosha. Halafu mwonyeshe mwenye harusi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikuambia futa, futa.

Lakini asipoona uso hata mmoja anaoujua, kisha akaangua kicheko kwa jinsi fulani ya kukunja shingo, basi mchoro wako umekubali.