Simu ya Jioni na Chupa ya Dawa: Somo juu ya Kazi ya Uuguzi

Watu wengi, wa mjini na wa mashambani, hudhani ya kuwa kazi ya muuguzi ni kutii tu. Daktari huandika, muuguzi hutenda. Ikiandikwa vidonge viwili, ni viwili, wala hapana la kuuliza. Dhana hiyo ina asili yake, maana kwa miaka mingi ndivyo wasichana walivyolelewa katika vyuo vya uuguzi. Lakini siku hizi mwanafunzi hufundishwa jambo la pili, lililo gumu kuliko kutii, nalo ni kuipima amri kabla ya kuitimiza. Katika somo hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu mafundisho hayo ni nini, kwa kuwa siku moja huenda yakamwokoa mtu wa nyumbani mwako.

Tuanze na habari ya Marekani. Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya akili, jina lake Charles Hofling, pamoja na wenzake, walitangaza jaribio walilolifanya katika hospitali. Mambo yalikuwa hivi. Jioni, muuguzi akiwa peke yake wodini, simu hulia. Msemaji hujitaja kuwa ni daktari, naye muuguzi hamjui. Humwambia atazame kabatini kama imo dawa iitwayo Astroten. Muuguzi huiona. Basi sauti ile humwamuru ampe mgonjwa fulani miligramu 20 upesi. Daktari mwenyewe atafika baada ya dakika kumi hivi, na hapo ndipo atakapotia sahihi. Nayo chupa imeandikwa waziwazi ya kuwa kipimo cha kawaida ni miligramu 5, na kwa siku nzima zisizidi 10.

Tazameni makosa yaliyofungwa pamoja katika amri hiyo moja. Kipimo ni mara mbili ya kile cha juu kabisa. Amri imekuja kwa simu, hali sheria ya hospitali ilikataza dawa kutolewa kwa amri ya simu. Dawa yenyewe haikuwamo katika orodha ya dawa zilizoruhusiwa wodini, na msemaji hakujulikana. Hata hivyo, katika wauguzi 22 waliopigiwa simu, 21 walikuwa tayari kumpa mgonjwa dawa ile, wasizuiwe ila na mtazamaji aliyewekwa hapo makusudi ili awasimamishe. Aliyekataa ni mmoja tu. Hapana mgonjwa aliyedhurika, maana ndani ya vidonge mlikuwa na sukari tupu, na jina la dawa lilikuwa la kubuni.

Tena kuna la kustaajabisha zaidi. Wauguzi wengine 12, na wanafunzi 21, walisimuliwa habari hiyo bila kupigiwa simu, wakaulizwa wangalifanya nini. Wauguzi 10 walisema wasingaliitoa dawa. Wanafunzi wote 21 walisema vivyo hivyo. Kumbe kujibu swali darasani mchana, na kusimama peke yako usiku na simu mkononi, ni mambo mawili mbalimbali.

Msomaji asikimbilie kusema ya kuwa wauguzi wale walikuwa wajinga. Walikuwa watu wenye elimu, na wapatao nusu yao walikiri baadaye ya kuwa waliona kipimo kimezidi. Waliona, wakanyamaza. Walikuwa wamezoea madaktari wanaokasirika wakiulizwa, na ye yote aliyewahi kutumika chini ya mkubwa mwenye hasira anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Rank na Jacobson, walilirudia jaribio kwa namna nyingine: dawa ilikuwa Valium, ambayo wauguzi waliijua vema, daktari alijulikana jina, na muuguzi alikuwa na nafasi ya kuzungumza na wenzake. Mara hii katika wauguzi 18 ni wawili tu waliokuwa tayari kutoa kipimo kile cha kupita kiasi. Kwa maoni yangu tofauti hiyo yafaa kufikiriwa sana na kila mwenye kusimamia chuo. Watu hawakuwa wamegeuka kuwa mashujaa katika miaka kumi na moja. Walikuwa na maarifa ya dawa, na walikuwa na mtu wa kumwuliza.

Sheria za kazi nazo zilibadilika. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoanzishwa mwaka 1899, lilitoa kanuni zake za maadili mwaka 1953, na ndani yake muuguzi aliagizwa kutimiza amri za daktari kwa akili na kwa uaminifu, lakini akatae kushiriki katika jambo lisilo la haki. Mwaka 1973 kanuni ziliandikwa upya, na wajibu wa kwanza wa muuguzi ukatajwa kuwa ni kwa watu wenye kuhitaji uuguzi. Neno la daktari bado lina uzito wake, ila halitangulii tena mbele ya mgonjwa.

Sasa, mtu hawezi kuipinga amri kwa haki ikiwa hajui kufikiri juu ya ugonjwa. Waalimu wana jina refu kwa elimu hiyo. Sisi tutaiita fikira za kando ya kitanda. Mwalimu mmoja wa Marekani, Christine Tanner, aliieleza mwaka 2006 kwa hatua nne: kuona, kufasiri, kutenda, na kutafakari lililotendwa. Hatua hizo zikisomwa katika kitabu huonekana nyepesi mno. Heri tuzitazame kwa mfano.

Mama amejifungua salama saa tatu usiku. Mwanafunzi wa uuguzi ameambiwa ampime kila mara. Saa nne mapigo ya moyo ni 84 kwa dakika. Baada ya robo saa ni 100. Baada ya robo saa nyingine ni 118. Presha ya damu ni karibu ile ile. Mama anaomba maji, anageukageuka kitandani, na anasema anaona kizunguzungu. Shuka haina damu nyingi ya kutisha.

Mwanafunzi wa kwanza ataandika tarakimu zote kwa mwandiko mzuri, atampa mama maji, na atafurahi ya kuwa presha haikushuka. Kazi yake ni safi, na mama aweza kufa kabla ya alfajiri. Mwanafunzi wa pili anajiuliza: kwa nini moyo unakwenda mbio? Amefundishwa ya kuwa mwili wa mtu mwenye afya hujitetea. Damu ikipungua, moyo huongeza mwendo na mishipa hujibana, hata presha ikabaki pale pale kwa muda. Itakapoanguka, hatari imekwisha kuwa kubwa. Basi haingoji. Anaweka mkono tumboni. Mji wa mimba, ambao baada ya kuzaa yapasa ujikaze uwe mgumu, ni laini kama unga uliokandwa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mama kutoka damu kupita kiasi baada ya kuzaa. Anakumbuka pia ya kuwa kibofu kilichojaa mkojo huuzuia mji wa mimba usijikaze. Anaita msaada huku akilisugua tumbo, na hapo zitafuata sindano ya oksitosini, kuondoa mkojo, kutazama kama kondo la nyuma limetoka lote, na kutafuta mahali palipochanika.

Wala jicho peke yake lisiaminiwe. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Katika hospitali nyingine damu ilikadiriwa kwa desturi ya siku zote. Katika nyingine mama aliwekewa karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, na wauguzi wakafundishwa kufanya tiba zote pamoja bila kungojana. Palipotumika mfuko, katika kila akina mama 100 waliotokwa damu kupita kiasi, 93 walitambuliwa. Kwa desturi ya zamani walitambuliwa 51 hivi. Madhara makubwa nayo yalipungua kwa sehemu 60 katika 100. Kifaa chenyewe ni plastiki tu.

Turudi wodini. Tuseme Sista mkuu wa zamu amechoka, naye amekwisha kusema, "Huyo mama ni mzima, usinisumbue." Hapa ndipo fikira na haki zinapokutana, kwa maana mwanafunzi anajua jambo, na kulijua kumempa wajibu. Vyuo vizuri havimwachi abuni maneno saa hiyo, humzoeza mapema, mbele ya mwanasesere wa mafunzo na wenzake, aseme hivi: "Sista, samahani, naomba uje umtazame mama wa kitanda cha nne. Mapigo yalikuwa 84, sasa ni 118. Tumbo ni laini. Nachelea anatoka damu." Maneno hayo yana adabu yote impasayo mdogo mbele ya mkubwa, na ndani yake hamna shutuma, ila tarakimu. Asiposikilizwa, hana budi kumwita daktari mwenyewe. Ikionekana baadaye alikosea, atakuwa amemwamsha mtu bure, na aibu hiyo haijaua mtu.

Liko jambo jingine ambalo vyuo vingi viliwahi kulikosea, nalo ni adhabu. Mwanafunzi aliyempa mgonjwa dawa isiyo yake, akaja mbio kusema, akifukuzwa mbele ya wenzake, wenzake hujifunza kuficha. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa, na daktari lazima ajue upesi ili aizuie dawa isifanye madhara. Kwa hiyo anayesema asikemewe kama anayeficha. Sisemi makosa yasipimwe.

Msomaji nawe una sehemu yako. Ukienda hospitali na mgonjwa, chukua dawa zote anazotumia pamoja na chupa au karatasi zake, hata zile za miti shamba, wala usione haya. Muuguzi akikuuliza jina la mgonjwa mara ya tatu kabla ya kutoa dawa, usimkasirikie. Anahakikisha ya kuwa dawa ni ya mtu huyo, kwa kipimo hicho, kwa njia hiyo na kwa saa hiyo. Na ukiwa umekaa na mama aliyejifungua, naye akaanza kuona kiu kikali na kizunguzungu, mwite muuguzi saa ile ile, hata ikiwa amepita hapo sasa hivi.